Usanifu wa Manowari Zisizojengwa

Miongoni mwa sanaa zinazodai akili pevu na uaminifu wa hesabu, usanifu wa manowari ambazo hazikuwahi kujengwa una nafasi ya pekee, kwa kuwa msanifu wake hujiuliza ni chombo gani kingeingia baharini laiti historia ingefuata mkondo mwingine, na papo hapo hukubali kubanwa na masharti yaliyowabana wasanifu wa enzi hizo. Masharti hayo yalitokana hasa na Mkataba wa Washington, uliotiwa saini tarehe 6 Februari 1922 na Marekani, Uingereza, Japani, Ufaransa na Italia, ambao uliweka ukomo wa tani 35,000 kwa kila manowari kubwa na kipenyo cha mzinga kisichozidi inchi 16, yaani milimita 406. Tani hizo zilihesabiwa kwa uzito sanifu, maana yake uzito wa meli iliyokamilika pamoja na mabaharia, makombora na vyakula vyake, lakini bila mafuta wala maji ya akiba ya boila.

Namna ukomo unavyofinyanga chombo huonekana wazi katika manowari ya Uingereza iliyoitwa Nelson. Mwaka 1921 Uingereza ilikuwa imeagiza manowari nne za mpango wa G3, kila moja ya zaidi ya tani 48,000. Mkataba ukazifuta, na wasanifu waliokuwa chini ya Eustace Tennyson d'Eyncourt wakalazimika kubakiza mizinga tisa ya inchi 16 ndani ya uzito uliopungua kwa zaidi ya robo. Mizinga yote waliikusanya upande wa omo, katika minara mitatu, ili ukuta wa chuma kinene unaokinga ghala za baruti uwe mfupi. Ukuta wenyewe wakaulaza mshazari ndani ya ubavu wa meli, ili kombora lisiupige wima. Na boila wakaziweka nyuma ya injini, kinyume cha desturi, ili dohani iwe mbali na daraja la nahodha na moshi usiwasumbue maofisa. Kilichotolewa kafara ni mwendo, uliobaki maili 23 tu za baharini kwa saa.

Msanifu wa historia mbadala huanzia kwenye kafara hiyo. Akitaka Nelson yake ifikie maili 30, hesabu humkumbusha kwamba nguvu zinazohitajika hukua takriban kwa mchemraba wa mwendo, hivyo atahitaji injini zenye nguvu zaidi ya maradufu. Injini hizo zitataka vyumba virefu zaidi, vyumba virefu vitataka ukuta mrefu zaidi wa kuvikinga, na kila tani inayoongezeka sharti ipunguzwe kwingine, ama kwenye mizinga, ama kwenye unene wa chuma. Kama mshairi anayetunga ndani ya vina na mizani, ustadi wake hupimwa kwa yale anayoyasema bila kuvunja kanuni.

Si kwamba karatasi haina hatari ya kudanganya. Mkataba wa London wa 1930 uliziacha huru meli za kivita zisizozidi tani 600, na Japani ikautumia mwanya huo kujenga mashua za topido zilizosheheni silaha juu ya viunzi vyepesi mno. Mwezi Machi 1934 mojawapo, Tomozuru, ilipinduka katika dhoruba, ikadhihirisha kwamba bahari haisomi mikataba na kwamba uzito uliopandishwa juu ya sitaha hudai malipo yake.

Kwa hiyo sifa ya sanaa hii haimo katika kubuni manowari kubwa kuliko zote, jambo ambalo mtoto mwenye kalamu huliweza, bali katika kukubali deni la kila uamuzi na kulilipa hadharani. Mchoro uliokamilika kwa hesabu humfundisha msomaji wa historia kwamba meli zilizojengwa hazikuwa za lazima, na kwamba zile zilizoachwa nazo zingekuwa na gharama zake.