Firni Bila Sukari: Ufundi wa Vitamu vya Asali Unyanyembe

Mpishi wa katikati ya karne ya 19 huko Kwihara, kijiji cha Unyanyembe karibu na Tabora ya leo, alikuwa na karibu kila kitu cha kutengenezea kitamu cha pwani, isipokuwa sukari. Mpunga ulilimwa mabondeni. Ngano ilipandwa kidogo kuzunguka matembe ya Waarabu, na maziwa na samli vilitoka kwa ng'ombe waliochungwa na Watusi. Sukari ilipanda bara na misafara, safari ya miezi. Wapelelezi Richard Burton na John Speke, kwa mfano, waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Henry Stanley, aliyekaa Kwihara mwaka 1871, aliandika kwamba Waarabu wa hapo waliletewa akiba ya chai, kahawa, sukari na viungo kutoka pwani angalau mara moja kwa mwaka. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, karibu kilo 32, na kila kilo ya sukari iliondoa kichwani mwake kilo ya nguo, shanga au waya, yaani fedha ya safari. Isitoshe, sukari hunyonya unyevu, na mvua za njiani zilitosha kuigeuza donge.

Asali ilikuwa pale pale. Msitu wa miyombo unaouzunguka mji wa Tabora ni mmojawapo wa misitu yenye asali nyingi Afrika Mashariki, na Wanyamwezi waliirina kutoka kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa mitini karne nyingi kabla ya misafara. Hivyo Burton, alipoeleza vyakula vya Waarabu wa bara, aliitaja firni iliyopikwa kwa maziwa ya kuchemshwa, unga wa mchele na asali. Viungo hivyo vitatu vinaonekana kama badiliko dogo tu la chakula kinachojulikana kuanzia Bara Hindi hadi Misri. Kiufundi si dogo. Asali haichukui nafasi ya sukari bila mpishi kubadili mpangilio wa kazi, na ustadi huo ulikuwa mikononi mwa watu wa jikoni, ambao katika matembe hayo wengi wao walikuwa wanawake watumwa.

Sukari ya miwa ni kitu kimoja, nayo haiingiliani na maziwa wala na wanga. Asali ni mchanganyiko: karibu asilimia 38 ni fruktosi, asilimia 31 glukosi, na asilimia 17 au zaidi ni maji. Ina tindikali, na ina vimeng'enya ambavyo nyuki huviongeza wakati wa kuitengeneza. Kimoja kati ya hivyo, diastasi, kazi yake ni kuvunja wanga. Hapo ndipo ugumu wa firni ya asali ulipo, kwa sababu firni husimama kwa wanga na maziwa, na asali inaweza kuvishambulia vyote viwili.

Maziwa kwanza. Tindikali ya asali si kali kiasi cha kukatisha maziwa mabichi yaliyokamuliwa muda huo huo. Lakini maziwa ya Unyanyembe hayakudumu. David Livingstone, aliyekaa Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti 1872, alitengeneza jibini kwa ajili ya safari yake, akaandika kwamba maziwa yaliganda yenyewe kwa nusu siku bila kutiwa chochote. Maziwa yaliyofika nusu ya njia hiyo bado huonekana mazima kwa macho, ila yakipata moto pamoja na asali hukatika mara moja: maji upande mmoja, mabonge upande mwingine. Kwa hiyo maziwa huchemshwa mara tu baada ya kukamuliwa, nayo huchemshwa peke yake. Yakikatika bila asali, tatizo ni la maziwa, na mpishi hajapoteza kitu kingine.

Unga wa mchele hukorogwa kwanza kwa maziwa baridi kidogo, kisha humiminwa ndani ya maziwa yanayotokota huku mwiko ukizunguka bila kusimama. Kwa lita moja ya maziwa, gramu 50 hadi 60 za unga zinatosha. Chembe za wanga wa mchele huanza kuvimba na kupasuka kwenye nyuzijoto 70 hivi. Tabora iko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapo huchemka kwenye nyuzijoto 96, kiwango kinachotosha kabisa. Kinachohitajika ni subira ya dakika kumi na tano au zaidi kwa moto mdogo, hadi ladha ya unga mbichi iishe na mwiko uache njia sufuriani. Uzito huo wa wanga ni kinga pia, kwani huyafanya maziwa yavumilie tindikali kuliko yakiwa matupu. Ndiyo sababu asali huingia mwisho, wala haichemshwi na maziwa tangu mwanzo.

Upande wa wanga ndio unaowashangaza wapishi wengi. Firni iliyotiwa asali mbichi ikiwa vuguvugu huonekana nzuri jioni, na asubuhi hukutwa imekuwa uji mwepesi. Diastasi imefanya kazi usiku kucha. Lawama husukumiwa unga au maziwa, na mpishi huongeza mchele safari ijayo bila kupata nafuu. Dawa yake ni moto. Asali huchemshwa pembeni kwa dakika kadhaa, na povu lake huenguliwa. Nta, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, huelea juu pamoja na vipande vya masega na takataka, jambo lenye faida kubwa kwa asali ya mizinga ya magome, iliyokamuliwa kwa mkono. Kisha asali hiyo huchujwa kwa kitambaa na kumiminwa ndani ya firni ikiwa bado motoni. Gramu 120 kwa lita zinatosha, na baada ya hapo sufuria huachwa itokote kidogo kabla ya kuipuliwa. Moto huondoa sehemu ya harufu ya asali, na hasara hiyo ni ya kweli. Inafidiwa kwa kijiko cha asali mbichi juu ya kila bakuli wakati wa kula, ambapo kimeng'enya hakina muda wa kuharibu kitu.

Burton alitaja pia mandazi, ambayo hayakuwa ya kukaangwa kama ya leo: yalikuwa donge la unga wa ngano lililochemshwa kwa samli na asali au sukari, mara nyingine na zabibu. Hapa asali haina madhara. Fruktosi hushika unyevu, na donge hilo hubaki laini muda mrefu kuliko la sukari.

Sifa hiyo hiyo huiharibu kashata. Kashata ya karanga hukatika kwa mlio kwa sababu sukari iliyochemshwa hadi karibu nyuzijoto 150 hupoa ikawa ngumu kama kioo. Asali haifiki huko salama, maana fruktosi huanza kuungua mapema zaidi, na hata ikikazana motoni huvuta unyevu wa hewa na kulegea kabla ya siku kwisha. Mpishi mwenye asali peke yake hufanya vizuri zaidi kuviringisha ufuta uliokaangwa, au karanga zilizotwangwa, kuwa vidonge laini vya kuliwa siku hiyo hiyo. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo wa sukari uliacha kupimwa kwa vichwa vya wapagazi, na kashata ngumu ikawa jambo la kawaida.

Wanyamwezi wana kitamu kisichohitaji asali wala sukari. Ni matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, kumenywa, kukatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikauke. Utamu wake unatokana na kazi ile ile inayoharibu firni, yaani kimeng'enya kuvunja wanga. Kiazi kitamu kina kimeng'enya chake, ambacho hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 60 na 75 hivi na kugeuza wanga kuwa sukari ya malitosi. Chungu kilichojazwa viazi na kuwekwa kwenye moto wa polepole hupita katika joto hilo taratibu, hivyo viazi huwa vitamu kuliko vilivyotumbukizwa ndani ya maji yanayotokota. Michembe, inayokatwa na kuanikwa mibichi, haijapitia hatua hiyo, na ndiyo sababu ikitafunwa kavu ina ladha ya unga, wakati matobolwa hutafunwa kama tende. Kukausha huondoa maji na kukusanya utamu uliokwisha kuundwa chunguni. Vipande vyembamba hukauka kwa siku chache za kiangazi, kati ya Juni na Septemba, wakati hewa ya Tabora ni kavu. Vikihifadhiwa penye ukavu hufika msimu wa mvua vikiwa salama.