Kuikinga Mvua kwa Saa Yake

Mvua ya masika haichagui saa. Anayetaka kujua maji yake yametoka wapi hana budi kuyakinga palepale yanaponyesha, na hakuna mtafiti awezaye kukesha msimu mzima na chupa mkononi. Ndiyo maana nawavulia kofia mafundi wanaounda vifaa vya kukinga mvua vinavyojiendesha vyenyewe, kwa faneli, mrija, mota ndogo, betri na kibao cha Arduino, kile kilichobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi.

Maji ya mvua yana asili inayosomeka. Katika kila atomi 1000 za oksijeni, karibu mbili ni za oksijeni-18 iliyo nzito, na kiasi hicho hubadilika kidogo kadiri wingu linavyosafiri na kumwaga. Tangu miaka ya 1960 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hukusanya vipimo hivyo kutoka mtandao wa vituo vingi, Entebbe ikiwemo. Ila desturi ya mtandao huo ni chupa moja kwa mwezi mzima, rasharasha na gharika pamoja. Kifaa kinachojiendesha huzitenga, kila mvua na chupa yake.

Kazi yenyewe ni ya uangalifu mno. Maji yakiachwa wazi, molekuli nyepesi hutangulia kuruka na nzito hubaki, basi sampuli imeshaharibika kabla ya kufika maabara. Fundi hodari huteremsha mrija mwembamba hadi karibu na kitako cha chupa, maji yauzibe mdomo wake, hewa ikose njia. Kisha kuna masalia: faneli ya kipenyo cha sentimita 20 huingiza mililita 31 hivi kwa kila milimita ya mvua, kwa hiyo mililita tatu za jana zilizobaki mrijani zinatosha kuichafua rasharasha ya leo. Na wavu wa kufunika faneli usisahaulike, maana dondola hupenda kujenga humo.

Fremu na iwe ya mbao za mabaki, haidhuru. Mwalimu wa fizikia unayetaka kujaribu na wanafunzi wako, pima kwenye mizani chupa yenye maji, iache ndani ya kifaa juani wiki mbili, kisha uipime tena. Uzito ukipungua, usiende kukinga mvua bado. Urekebishe mrija kwanza.