Msiige Nani? Uhakiki wa Nyumba Moja ya Shangani

Muhula uliopita darasa letu lilipewa mada ya insha: wawekezaji wa kigeni na majengo ya kale katikati ya miji. Kazi ya kukusanya insha ilikuwa yangu, kwa hiyo nilizisoma zote kumi na moja kabla ya mhadhiri. Tisa zilisema kwamba wageni wananunua nchi yetu. Mbili zilisema kwamba wageni wanaleta ajira. Mfano ulikuwa ule ule karibu katika zote: nyumba ya Mambo Msiige iliyoko Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, ambayo tangu 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Insha ya kumi na mbili, yangu, haikuandikwa. Nilimwomba mhadhiri muda, akanipa, na hii ndiyo.

Kilichonizuia ni neno "mgeni". Naishi Dzaleka, wilayani Dowa, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Nilifika hapa na mama kutoka Baraka, Fizi, nikiwa na miaka sita. Kwa miaka mingi mama aliuza vitenge Lilongwe, katika Mji wa Kale, Area 2, kwenye baraza la duka la zamani lenye nguzo na paa la mabati lililotokeza hadi karibu na barabara. Baraza halikuwa lake, alilipa kwa mwezi. Mwaka 2023, ilipotekelezwa amri ya wakimbizi kurudi kambini, alikunja vitenge vyake mwenyewe kabla hajakunjiwa, tukarudi. Wiki zile nililisikia neno "mgeni" redioni, sokoni na ndani ya minibasi likiwa na maana moja tu: mtu anayechukua kilicho chetu. Sasa nalikuta tena katika insha za wenzangu, na baadhi yao ni wakimbizi kama mimi, safari hii likimhusu mwenye hoteli. Kiswahili kina mkimbizi, mhamiaji, mtalii na mwekezaji. Lakini hasira ikipanda, maneno hayo yote hutiwa kapu moja, tajiri wa hoteli pamoja na muuza vitenge, halafu tunashangaa kwa nini hoja haisogei.

Kwa hiyo badala ya kumhakiki mgeni nimeamua kuihakiki nyumba. Sijafika Unguja. Nimeisoma nyumba hii kwa picha, ramani na maandishi ya waliofika, kama wengi wetu tunavyohakiki tamthilia ambazo hatujaziona jukwaani.

Nianze na jina, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha na ajabu ni kwamba hakuna insha hata moja iliyoligusa. "Msiige" ni kitenzi katika hali ya kukanusha: m- ya nafsi ya pili wingi, -si- ya kukanusha, mzizi -ig-, na kiishio -e. Nyumba inazungumza, na inazungumza na watu wengi waliosimama nje. Ninyi, msiige mambo haya. Ilijengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa Kiarabu wa ukoo wa Harthi, na inasimuliwa kwamba mayai yalichanganywa katika chokaa yake ili watu wajue fedha haikuwa tatizo. Mayai hayo yawe ya kweli au ya hadithi, maana ya jina haibadiliki: hili si lenu, tazameni tu.

Hapo ndipo ninapogombana na wale tisa. Wote wameandika kwamba nyumba "yetu" imechukuliwa. Ilikuwa yetu lini? Alianza tajiri, katika mji uliojengwa kwa jasho la watumwa na ambao soko lake la watumwa halikufungwa hadi 1873. Wakaja wamisionari wa UMCA, kisha ubalozi wa Uingereza, baadaye hospitali ya Wazungu. Mtu wa kawaida wa Ng'ambo aliingia mle akiwa amebeba kitu cha mtu mwingine. Baadaye ikawa ofisi za serikali, na huo ndio wakati pekee ninaouona katika historia yake ambapo mwananchi alipita mlangoni kwa shida zake mwenyewe, akiwa na karatasi mkononi, akasubiri foleni, pengine akaambiwa arudi kesho. Si picha ya kupendeza sana kwa kadi ya posta. Lakini mlango ulikuwa wake kuupita. Kama kuna kitu kilichopotea, basi ni hicho, na insha hazikukitaja kwa sababu zilikuwa zimeshughulika na pasipoti ya mnunuzi.

Tena hata neno "mnunuzi" si sahihi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilikuwa mali ya serikali, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa. Mwekezaji hukodi kwa mkataba wa miaka mingi. Mkataba una pande mbili, na hakuna mgeni anayejikodisha mwenyewe. Mwenzetu mmoja aliandika kurasa nne za uchungu juu ya fedha za Ghuba bila kumtaja hata mara moja aliyeshika kalamu upande wa pili wa meza.

Fani ya nyumba imeshughulikiwa vizuri kiasi kuliko maudhui yake. Nyumba za Mji Mkongwe ni za matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu unavyotaka, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba: mti wa pwani ndio ulioamua upana wa sebule ya tajiri. Kuihifadhi nyumba ya namna hiyo ni gharama isiyoisha, maana chokaa hunyonya maji, na mvua ya masika haimwonei mtu huruma. Hili nawapa wale wawili wa ajira: mwenye hoteli ana sababu ya kuziba paa kila mwaka, kwa kuwa paa likivuja mteja anaondoka.

Lakini ubavuni mwa Mambo Msiige, palipokuwa na kiwanja wazi, limejengwa jengo jipya la hoteli hiyo hiyo. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ambayo iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha yake mwaka 2000, ililalamikia ukubwa na urefu wake. Jengo lilikamilika. Nalo limepewa jina: Zamani Residence. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Jengo jipya kabisa linaitwa Zamani, na limeegemezwa ubavuni mwa nyumba inayosema msiige. Mwandishi wa riwaya angeandika hivyo, tungemwambia amezidisha kejeli.

Watetezi watasema kwamba serikali isingeweza kuitunza nyumba, na wana ushahidi mzito. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, lilibaki mikononi mwa serikali na likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Waswahili. Huko wanafunzi waliingia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wawili wakafa. Siwezi kuandika juu ya mlango ulio wazi kana kwamba ukuta hauna uzito. Mlango wazi wa nyumba inayoanguka ni hatari, na nisingependa mama apange vitenge chini yake.

Hata hivyo ushahidi huo una shimo. Fedha za ukarabati wa Ajaib zilikuwa za Oman, yaani za mgeni vilevile, na hakuna aliyetaka ligeuzwe vyumba vya kulala. Mbele yake iko bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Fedha ni za nje, lakini jioni watu wa mji huketi pale wakala urojo na pweza, na watoto hujirusha baharini kutoka ukutani. Mtandao huo huo wa taasisi za Aga Khan una hoteli ya Serena iliyofunguliwa Shangani mwaka 1997 katika jengo la zamani la simu. Mfuko mmoja, sehemu mbili, na milango miwili ya aina tofauti kabisa. Tukiuliza "nani ametoa fedha?" jibu ni lile lile pande zote mbili. Tukiuliza "nani anapita?" tunapata majibu mawili. Huo ndio uhakiki ninaoutaka, ule unaoweza kutofautisha Forodhani na hoteli.

Na tukiendelea kufuata asili ya fedha tutaishia pabaya, kwa sababu mji wenyewe umejengwa na waliotoka kwingine. Dispensari ya Kale, yenye roshani za mbao zilizonakshiwa ambazo kila kitabu cha watalii huzionyesha, ilianzishwa na Tharia Topan, mfanyabiashara aliyetoka Uhindini. Ukimwondoa yeye kwa ugeni wake, na Harthi kwa wake, Mji Mkongwe unabaki na mchanga.

Nadhani Abdulrazak Gurnah alilielewa jambo hili mapema kuliko sisi. Katika riwaya yake ya *By the Sea* ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anatua Gatwick kuomba hifadhi kwa jina lisilo lake, na nyuma yake kuna nyumba. Nyumba hiyo iliwekwa rehani kwa ajili ya Hussein, mfanyabiashara mgeni kutoka Bahrain, ambaye anaondoka na pepo za msimu na kuiacha karatasi ikifanya kazi yake kati ya watu wa mji mmoja. Msomaji mvivu atamlaumu Hussein, na ni kweli anastahili lawama. Lakini Hussein hayupo wakati samani zinapotolewa nje. Waliopo ni jirani na jirani, hati, na sheria inayoiamini hati. Kisha huyo huyo aliyeshinda kwa karatasi anageuka mkimbizi. Nilipoisoma nilimfikiria mama, ambaye hajawahi kuwa na hati ya kitu chochote kisichobebeka kichwani.

Kwa wale wawili wa ajira sina mengi. Ajira zipo, sizidharau, maana mtu anayeishi kwa mgao hadharau mshahara. Ila ajira hukupa njia ya kuingia kwa mlango wa nyuma ukiwa umevaa sare. Wamisionari na mabalozi nao walikuwa na wapishi.

Kuna jambo ambalo sheria za uhifadhi, za Unguja na kwingineko, hulifanya vizuri: hulinda uso. Zinaeleza urefu, rangi, aina ya dirisha, nakshi ya mlango. Nyumba ya Waswahili, lakini, ina kitu katikati ya uso na ndani, nacho ni baraza. Ni jiwe la kukalia lililo nje ya mlango, la mwenye nyumba kwa hati na la mtaa kwa matumizi. Hapo hunywewa kahawa, huchezwa bao, huulizwa habari za mgonjwa. Waweza kulihifadhi baraza kikamilifu, jiwe kwa jiwe, ukaweka mlinzi mmoja tu mwenye adabu, na likawa limekufa bila ufa wowote kuonekana. Mkaguzi wa majengo hana safu ya kuandikia kifo cha namna hiyo. Ndiyo sababu ningependa wenzangu watakaoandika juu ya mada hii muhula ujao waanze kwa kuuliza mkataba unasema nini kuhusu watu wasiolipa: kama ua utafunguliwa, kama ufuko ulio mbele una njia, kama kuna chumba kimoja ambamo mtoto wa shule ataambiwa nyumba hii ilijengwa na nani na kwa mikono ya nani. Hayo yanaweza kuandikwa katika mkataba, yakadaiwa kwa Mwomani, kwa Mmarekani na kwa mzaliwa wa hapo hapo.

Nasema mzaliwa kwa sababu. Mwezi uliopita nilipata kibali cha kutoka kambini nikaenda Lilongwe kufuata karatasi za chuo, nikapita Area 2 kuliona baraza la mama. Jengo limeuzwa. Aliyelinunua ni mtu wa Lilongwe, amezaliwa Lilongwe, wauza matunda wa pale wanamjua na baba yake. Paa la mabati limebadilishwa, nguzo zimebaki na zimepakwa rangi nzuri, na kati ya nguzo na nguzo pametiwa vioo hadi chini, kwa hiyo baraza sasa ni sehemu ya duka. Mwenye duka amelitunza jengo kuliko yule wa kwanza, sina budi kusema hivyo. Nilisimama kidogo nikitazama mahali ambapo mama alikuwa akiweka kigoda. Mlinzi alitoka akaniuliza kwa upole nataka kununua nini. Nikamwambia naangalia tu. Akanionyesha upande wa pili wa barabara, kwenye kivuli cha mti, akasema wanaoangalia wanasimama kule.