Mechi za Kwanza Huficha Nini: Houston, Duke na Kansas kwa Jicho la Kocha wa Lambwe

Mwezi wa Novemba 2024 ulipokwisha, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Houston ilikuwa imecheza mechi saba na kupoteza tatu. Wanahabari wa Marekani walikuwa wameiweka ya nne nchini kabla ya msimu kuanza, kisha wakaiporomosha. Wakati huohuo Kansas, waliyoiweka ya kwanza, ilikuwa haijafungwa na mtu, tena ilikuwa imetoka kuifunga Duke 75-72 mjini Las Vegas. Aliyetazama safu ya ushindi na kushindwa peke yake alijua nani wa kuogopwa.

Machi ilipofika, Kansas ilitolewa na Arkansas katika raundi ya kwanza ya mashindano ya kitaifa, ikafunga msimu na ushindi 21 na vipigo 13. Houston ilicheza fainali tarehe 7 Aprili 2025 mjini San Antonio, ikaikosa kwa pointi mbili tu, 65-63, mbele ya Florida.

Naleta habari hizi za mbali kwa sababu kila mwaka, michezo ya shule ya muhula wa kwanza ikianza, kosa lilelile la kusoma matokeo hufanyika huku kwetu Nyanza. Shule ya Lambwe hukutana na wenzake wa Rusinga, Mfangano, Gembe na Kasgunga. Inashinda mechi mbili au tatu kwa tofauti kubwa, wazazi wanashangilia, mwalimu mkuu anaandaa basi la kwenda michezo ya kaunti. Huko inakutana na Agoro Sare ya Oyugis, shule ambayo jina lake katika mchezo huu linajulikana nchi nzima, na katika dakika kumi za kwanza kila kitu kilichoonekana imara kinabomoka. Ubomokaji huo ulikuwa umejionyesha mapema katika mechi zilezile zilizoshangiliwa, ila hakuna aliyeuandika.

Nianze na Houston, maana ndiyo yenye funzo kubwa. Vipigo vyake vitatu vya Novemba vilikuwa hivi: Auburn 74-69, Alabama 85-80, San Diego State 73-70. Viwili vya mwisho vilitokea katika muda wa ziada. Jumla ya pengo katika vipigo vyote vitatu ni pointi 13. Na hao waliowafunga ni nani? Auburn ilifika nusu fainali ya taifa, Alabama robo fainali. Houston, basi, ilikuwa imetoshana nguvu na wakubwa kwa dakika arobaini na kukosa kikapu kimoja au viwili mwishoni. Katika mechi tatu kati ya zilizobaki iliwaponda wadogo bila huruma: Jackson State 97-40, Louisiana 91-45, Hofstra 80-44.

Mechi iliyoamuliwa kwa pointi tatu katika muda wa ziada haitofautishi timu mbili. Mtupo mmoja ukigonga chuma ukatoka badala ya kuingia, mshindi anakuwa mwingine, na uwezo wa timu zote mbili unabaki palepale. Kwa hiyo kocha Kelvin Sampson hakuwa na haja ya kuvunja timu yake. Alikuwa na wachezaji waliokomaa, kina L.J. Cryer na J'Wan Roberts, na ulinzi ambao hata siku za kushindwa uliwachosha wapinzani. Baada ya Novemba, Houston ilipoteza mechi mbili tu hadi msimu unakwisha: dhidi ya Texas Tech 82-81, tena katika muda wa ziada, na ile fainali. Ukijumlisha vipigo vyake vitano vya msimu mzima unapata pengo la pointi 16. Sijui timu nyingi zilizofungwa kwa uchache namna hiyo.

Kansas ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Katika ushindi wake wa mapema, ilikuwa mbele ya North Carolina kwa pointi 20, ikaupoteza uongozi wote, ikaja kuponea 92-89. Halafu ikaja ile ya Duke ya pointi tatu. Safu ya matokeo iliandika ushindi mara mbili. Lakini timu inayoruhusu pengo la pointi 20 kuyeyuka nyumbani kwake imekwisha kuonyesha kidonda. Desemba ilipoingia, Creighton na Missouri ziliifunga Kansas ndani ya siku chache, na tangu hapo haikurudi kuwa ile iliyoogopwa.

Sasa Duke, ambayo Waafrika Mashariki wengi tuliifuatilia msimu huo kwa sababu ya kijana mmoja. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala, na alianza kucheza mpira wa kikapu mwaka 2019 tu. Miaka mitatu baadaye alikuwa katika Ligi ya Kikapu ya Afrika akiwa na Cobra Sport ya Juba. Mwaka 2024 aliichezea City Oilers ya Kampala, kisha akaiwakilisha Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris akiwa na umri wa miaka 17. Alipofika Duke alikuwa na urefu wa karibu sentimita 218, na pembeni yake walikuwepo wageni wenzake wawili wa mwaka wa kwanza, Cooper Flagg na Kon Knueppel.

Tarehe 12 Novemba 2024, mjini Atlanta, Duke ilikutana na Kentucky. Hadi mapumziko Duke ilikuwa mbele 46-37. Ikamaliza imefungwa 77-72. Flagg, aliyekuwa bado na miaka 17, alifunga pointi 26 na kudaka rebaundi 12, lakini katika sekunde za mwisho, alama zikiwa 72-72, alinyang'anywa mpira na Otega Oweh, na mchezo ukaponyoka. Kentucky ilikuwa timu mpya kabisa chini ya kocha mpya, Mark Pope, ila wachezaji wake walikuwa watu wazima waliohamia kutoka vyuo vingine. Pope hupenda kuwaweka wachezaji wote watano nje, mbali na kikapu. Mpinzani mwenye senta mrefu analazimika kuchagua: amwache mrefu wake chini ya kikapu na mtu wa nje atupe bila bughudha, au amtoe nje na njia ya kikapu ibaki wazi.

Wiki mbili baadaye ikaja Kansas. Nyota wao Hunter Dickinson alifukuzwa uwanjani zikiwa zimebaki kama dakika kumi, na bado Duke ikafungwa. Hili lilinishtua kuliko alama zenyewe. Mpinzani amepoteza nguzo yake, mchezo uko mikononi mwako, na hupati njia ya kuumaliza.

Hapa kuna mtego. Nimesema mechi za pengo dogo hazitofautishi timu. Je, si ndivyo ilivyokuwa kwa Duke pia? Kwa kiasi, ndiyo. Duke ilikuwa timu kali mno, na mechi nyingine za mapema zilithibitisha hilo: iliifunga Arizona 69-55 ugenini, na tarehe 4 Desemba iliifunga Auburn 84-78. Kuifunga Arizona kwao na kuwaacha na pointi 55 kuna uzito kuliko kuifunga Wofford 86-35, hata kama pengo la Wofford ni karibu mara nne. Ugenini makelele ni ya mwenyeji, safari inachosha, na mpinzani ana wachezaji wa kukujibu. Ndiyo maana kamati inayopanga mashindano ya taifa huko Marekani huyagawa matokeo katika madaraja manne kwa kuangalia nguvu ya mpinzani na mahali mechi ilipochezwa: kuifunga timu ya nafasi ya 70 ugenini kunahesabiwa daraja la kwanza, wakati timu hiyohiyo ukiifunga nyumbani unapewa la pili.

Lakini tofauti kati ya Houston na Duke ilikuwa katika namna ya kushindwa. Houston ilishindwa ikiwa inafanya yale inayoyafanya kila siku, na mitupo ikagoma. Duke ilishindwa kwa kuacha kufanya yaliyoipa uongozi: mashambulizi yalisimama, mpira ukaachiwa kijana mmoja, wengine wanne wakawa watazamaji. Namna ya kwanza hujirekebisha kwa siku. Ya pili hurudi, hasa kama timu haipati mazoezi ya mechi ngumu. Na Duke haikuyapata ya kutosha: kuanzia Januari iliwaponda wapinzani wa ligi yake wiki baada ya wiki, ikashindwa tena na Clemson tu, 77-71.

Tarehe 5 Aprili 2025, nusu fainali, Duke dhidi ya Houston. Dakika ya mwisho ilianza Duke ikiwa mbele 67-61. Ikaisha Houston 70, Duke 67. Emanuel Sharp alitupa ya pointi tatu ikaingia, Duke ikapoteza mpira ilipokuwa ikiurudisha uwanjani, Joseph Tugler akausukumiza kikapuni mpira uliokoswa na mwenzake, Duke ikakosa mtupo huru, Roberts akafunga miwili yake. Maluach, aliyekuwa na wastani wa rebaundi zaidi ya sita kwa mechi msimu mzima, siku hiyo hakudaka hata moja. Houston walimsukuma mbali na kikapu kila mtupo ulipopaa, miili ya watu wazima ikapata mipira ya pili na ya tatu. Simlaumu kijana huyo. Alikuwa na miaka 18, na miezi miwili na nusu baadaye alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa NBA. Ninachosema ni kwamba vipigo vyote vinne vya Duke msimu huo vilikuwa vya pointi sita au pungufu, na sura ya Aprili ilikwisha chorwa Novemba kule Atlanta.

Kocha wa shule ya Lambwe hana mechi arobaini za kujifunzia. Muhula wa kwanza ni mfupi. Kati ya mechi ya ufunguzi na michezo ya kaunti kuna wiki chache, kisha kanda ya Nyanza, ambako wanakusanyika wa Kisumu, Siaya, Migori, Kisii na Nyamira. Kwa uchache huo wa mechi, kila moja inapaswa kukamuliwa hadi tone la mwisho, na alama za ubaoni hazitoshi.

Chukua mfano wa kubuni. Shule inashinda 48-30. Mwanafunzi aliyekaa na daftari ameandika kwamba timu yake ilitupa mara 60, ikadaka rebaundi 14 za mitupo yake iliyokosa, ikapoteza mpira mara 18, ikapata mitupo huru 12. Ili kujua ilishambulia mara ngapi, unachukua mitupo, unatoa rebaundi za kushambulia, unajumlisha mipira iliyopotea, kisha unaongeza karibu nusu ya mitupo huru: 60 toa 14, jumlisha 18, jumlisha 6. Inakuja 70. Pointi 48 kwa mashambulizi 70 ni chini ya pointi 0.7 kwa kila shambulizi. Huo ni udhaifu mkubwa uliovaa nguo ya ushindi. Timu hii haikufunga vizuri hata kidogo. Ilibebwa na mipira ya pili iliyoidaka juu ya vichwa vya wapinzani wafupi. Kwenye kaunti wapinzani si wafupi. Rebaundi 14 zitakuwa tano, na pointi 48 zitakuwa 30.

Mwalimu aliyepata ushindi huo akiwa na hesabu hii mkononi anajua Jumatatu afundishe nini: namna ya kupata mtupo mzuri mara ya kwanza, na kupunguza ile mipira 18. Asiye nayo atawapongeza vijana na kurudia zoezi la jana.

Jambo jingine ni kutafuta kipigo mapema, na hapa najua nagusa fahari ya shule. Sampson hakuzuiwa na mtu kuanza msimu kwa timu nyepesi peke yake. Alikutana na Auburn katika mechi ya pili, akafungwa, akajua alipo. Florida, waliokuja kuwa mabingwa, walianza kwa ushindi 13 mfululizo dhidi ya wapinzani ambao wengi wao hawakuwa wazito, na watu walikuwa na haki ya kuwatilia shaka hadi walipoiangusha Tennessee, iliyokuwa ya kwanza nchini na haijafungwa, 73-43 tarehe 7 Januari. Siku hiyo ndiyo iliyosema kitu. Shule ya bonde la Lambwe ikiomba mechi ya kirafiki Oyugis, au hata Kisumu, mwezi wa Januari na kurudi imefungwa pointi 25, imenunua habari ambayo ushindi wa mechi tano za nyumbani hauwezi kuipa.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa michezo wa Suba, Ndhiwa na upande wa Migori ni dogo na halina gharama. Msimu ukianza, mpeni mwanafunzi mmoja asiyecheza daftari na kalamu, akae meza ya waamuzi, aandike mambo manne kwa kila timu: mitupo, rebaundi za kushambulia, mipira iliyopotea na mitupo huru. Aandike pia alama zilivyokuwa dakika tano kabla ya mwisho, na nani alikuwa na mpira baada ya hapo. Mechi ya tatu ikiisha, kaeni na daftari hilo kabla ya kupanga kikosi cha kwenda kaunti.