Taya la Kibogoyo: Bamba Kwanza, Kipandikizi Baadaye

Kijana akivunjika taya la chini, daktari huongozwa na meno yake: yakikutana sawasawa, mfupa umerudi mahali pake. Kibogoyo hana mwongozo huo. Isitoshe, tangu meno yang'oke, mfupa uliokuwa ukiyashika umesinyaa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1996 Hans Luhr na wenzake, Wajerumani, waliyagawa mataya ya namna hii kwa kimo cha mfupa palipovunjika. Kundi gumu kuliko yote ni la milimita 10 kushuka chini, wembamba wa kidole cha mtoto.

Karne ya 19 Thomas Brian Gunning wa New York alitengeneza gango la mpira mgumu lililokaa juu ya fizi, lenye uwazi wa kupitishia chakula. Lakini fizi ni laini, na gango huteleza.

Siku hizi hutumika bamba la titani, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Mfupa ukiwa mwembamba, mkono huvutwa kuchagua kibamba chembamba. Kibamba hicho hutegemea mfupa uubebe mzigo pamoja nacho. Mfupa huu hauwezi. Panahitajika bamba nene libebe nguvu zote za kutafuna peke yake, likishikwa na skrubu zisizopungua tatu kila upande, kwenye mfupa uliobaki mnene: kidevuni na pembeni mwa taya.

Kipandikizi je, yaani skrubu ya titani ipandwayo mfupani ili ishike meno ya bandia? Tangu Per-Ingvar Brånemark amtibu mgonjwa wake wa kwanza wa vipandikizi kule Gothenburg mwaka 1965, tunajua mfupa hushikamana na titani. Wapo waliopandikiza pande zote mbili za ufa na kuunganisha vipandikizi kwa ufito, viwe gango. Ni ufundi mzuri, ila mimi siuafiki kwa taya jembamba sana. Kushikamana huchukua miezi, na tundu la keekee kwenye mfupa kama huo laweza lenyewe kuwa chanzo cha ufa mwingine. Mfupa uunge kwanza; kisha vipandikizi viwili au vinne kidevuni, baina ya matundu ya neva, vishike meno ya bandia.

Hata hivyo nafasi ya vipandikizi hupangwa siku ile ile ya bamba: skrubu za kidevuni zikae ukingo wa chini. Zikiziba njia, itabidi kufungua upya na kuubandua tena utando wa mfupa, ambao kwa mzee ndio unaoleta sehemu kubwa ya damu.