Istilahi za Maradhi ya Kambare: Uhakiki

Istilahi haipimwi kwa utamu wake masikioni, bali kwa kazi inayoifanya. Tuchukue mfano wa mfugaji wa kambare wa Handeni au Korogwe. Samaki huyu hana magamba, na ngozi yake ikichubuka maradhi hupata mlango. Mfugaji akiona madoa meupe mfano wa pamba, akaambiwa kuwa ni kuvu, huenda ameambiwa kweli. Lakini bakteria aitwaye Flavobacterium columnare naye hufanya madoa kama hayo, na dawa ya kuvu haimwui. Jina likikosewa, tiba nayo hukosewa.

Neno “kimelea” linamfaa mdudu au mnyoo anayeishi kwa kumnyonya samaki. Hata hivyo, maandishi ya afya hulitumia pia kwa bakteria, kuvu na virusi, kama katika “usugu wa vimelea dhidi ya dawa”. Sasa, Aeromonas hydrophila huweza kuishi majini bila kumtegemea samaki, akawashambulia wale waliosongamana, waliojeruhiwa, au ambao maji yao yamechafuka kwa mabaki ya chakula. Anayemwita kimelea humfanya mfugaji amtafute samaki mgonjwa aliyemleta, asahau kusafisha bwawa.

“Kijasumu” lina sifa moja kubwa: limetuzalia “kiuavijasumu”, neno lililokwisha kukubalika. Ila ndani yake mna “sumu”. Mfugaji wa jirani na mashamba, akisikia kuwa maji yake yana vijasumu, aweza kudhani ni dawa ya mimea iliyotiririka, akamlaumu jirani badala ya kupunguza idadi ya samaki.

Wako watakaosema kwamba “bakteria” ni neno la kigeni. Tunawajibu kwamba “shule” na “dawa” nayo yalikuja kutoka nje, na hakuna ayaonaye wageni leo.

Kwa hiyo twapendekeza “bakteria”, “kuvu”, “kirusi” na “kimelea” kila moja libaki na maana yake, na “visababishi vya maradhi” liwe jina la jumla. “Kiuavijasumu” lisifutwe, bali lifafanuliwe kila litumikapo kuwa ni dawa ya bakteria, isiyoua virusi. Aidha, kabla ya kuchapa maelezo yoyote, mfasiri awasikilize kwanza wavuvi wa Mto Pangani na wasemaji wa Kizigua na Kisambaa. Yamkini wanayo majina ya dalili hizi ambayo kamusi zetu hazijayaandika.