Mwenye Timu na Wenye Timu

Neno "mwenye" ni dogo, lakini katika lugha yetu hubeba mzigo mkubwa. Mwenye nyumba ndiye apokeaye kodi. Mwenyeji ndiye apokeaye wageni. Mwenye haki hangoji kupokea cho chote, maana kilicho chake ni chake tangu mwanzo. Mashabiki wa mpira wa miguu nchini mwetu hulitumia neno hili kwa namna mbili zisizopatana, tena mara nyingi katika pumzi moja. Husema, "Timu yetu imefungwa," na kabla maneno hayajakauka huongeza, "Mwenye timu ameitupa." Kama timu ni yetu, huyo mwenye timu ni nani? Nakusudia kulifuata swali hili katika maneno ya mashabiki wenyewe, kwa sababu manung'uniko yao juu ya matajiri wa klabu ni sehemu ya fasihi simulizi ambayo wanafunzi wetu huipita bila kuitazama. Hutumwa vijijini wakakusanye vitendawili vya mabibi, na njiani hupita chini ya bango la shabiki mwenye uchungu wasilisome.

Mali bora ya fasihi hiyo ni majina. Yanga ilianzishwa 1935, na mwaka uliofuata waliotoka ndani yake wakaanzisha timu ambayo, baada ya kupita katika majina mengine, likiwamo la Sunderland, ilikuja kuitwa Simba 1971. Wakati wa magomvi ya Yanga ya miaka ya 1970 yalizuka majina mawili, Yanga Raizoni na Yanga Kandambili. Raizoni vilikuwa viatu vya soli nene, fahari ya vijana wa mjini wa miaka ile. Kandambili ni kandambili, hata leo. Nani aliyeyatunga majina hayo sijui, lakini mtu yule alikuwa mhakiki. Hakuandika waraka juu ya tabaka na madaraka. Alitazama miguu ya watu akasema. Baadaye, Yanga ilipogombana juu ya kugeuzwa kampuni, pande mbili ziliitwa Yanga Kampuni na Yanga Asili. Majina haya ya pili yana sanaa chache kuliko yale ya kwanza, ila yana jambo ambalo ya kwanza hayakuwa nalo: yanataja wazi kwamba ugomvi ni juu ya milki. "Asili" ni dai la urithi lililofupishwa kuwa neno moja.

Katika zama zile aliyekasirika aliweza kuhama. Waliotengwa na Yanga walianzisha Pan African 1976, na kwa miaka kadhaa ikawa timu ya kuogopwa. Kuhama kuliwezekana kwa sababu klabu haikuwa na kitu kikubwa zaidi ya wachezaji, wapenzi na jina; ukiwachukua watu, umeichukua klabu. Leo mishahara ya wachezaji kutoka nchi za nje, kambi za mazoezi na safari za mashindano ya Afrika zimeifanya klabu kuwa kitu kizito kisichobebeka mabegani mwa wanachama. Basi lazima apatikane wa kuubeba uzito huo, naye lazima apewe jina.

Jina la kwanza lilikuwa mfadhili. Neno hili latokana na fadhila, na fadhila haina mkataba. Mfadhili hutoa apendapo na huacha apendapo, na amwulizaye habari za hesabu huonekana hana adabu. Jina la pili, lililoenea zaidi katika miaka hii, ni mwekezaji. Hili ni neno la namna nyingine kabisa: mwekezaji ameweka, na aliyeweka anatazamia kuvuna, kwa hiyo kuna vipimo, kuna hisa, kuna masharti, na pande zote mbili zaweza kudaiana. Kwa sheria na kwa karatasi klabu zetu kubwa zimehama kutoka kwa mfadhili kwenda kwa mwekezaji. Lakini ndimi za mashabiki hazikuhama. Humwita mtu mwekezaji na kusema naye kama mfadhili. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, manung'uniko yao hukosa nguvu. Si kwa uhaba wa ujasiri, bali kwa sababu sarufi waliyoichagua haina nafasi ya dai. Ina nafasi ya ombi na ya shukrani tu, na mtu asiyeshukuru ndani ya sarufi hiyo huambiwa fadhila za punda ni mateke.

Tutazame mifano. Mwezi Agosti 2016 mkutano wa wanachama wa Yanga ulikubali kumkodisha mwenyekiti wao, Yusuf Manji, timu na nembo kwa miaka 10. Kampuni iliyokusudiwa kuikodi iliitwa Yanga Yetu. Naomba msomaji asimame kidogo mbele ya jina hilo. Kimilikishi cha wengi, "yetu", kilichukuliwa kutoka kinywani mwa mashabiki kikawa jina la kampuni ya kukodi kile kile ambacho mashabiki walikiita chao. Sidhani mshairi ye yote wa kejeli angethubutu kubuni jambo kama hilo. Angeambiwa amezidisha chumvi. Mzee Ibrahim Akilimali, mmoja wa wazee wa klabu, alipopinga ukodishaji ule hadharani, hasira za wanachama wengi zilimwangukia yeye. Mpango ulizuiwa na vyombo vya serikali vya michezo, wala si na wanachama, na Manji alijiuzulu Mei 2017. Alifariki Januari 2024, na maombolezo ya watu wa Yanga yalikuwa ya kweli, maana alikuwa ametoa kweli. Sina nia ya kupunguza alichotoa. Nataka kuonyesha tu kwamba katika mkasa ule mtu aliyesema lugha ya haki alionekana mchochezi, na lugha ya fadhila ndiyo iliyoonekana uzalendo.

Kwa Simba mambo ni marefu zaidi. Desemba 2017 Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya kununua hisa za klabu kwa shilingi bilioni 20. Kanuni za serikali zataka wanachama wabaki na asilimia 51, kwa hiyo sehemu ya mwekezaji ni asilimia 49. Matunda ya uwanjani yalionekana upesi: ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na robo fainali ya mabingwa wa Afrika mara mbili katika muda huo. Wakati wa neema maswali juu ya bilioni 20 yaliulizwa kwa sauti ya chini. Septemba 2021 Dewji alitoka katika uenyekiti wa bodi, akafuatwa na Salim Abdallah, ajulikanaye kama Try Again. Kisha neema ikageuka. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba mabao 5 kwa 1, na msimu ukaisha Simba wakiwa wa tatu, nyuma ya Yanga na Azam.

Hapo manung'uniko yakapanda kweli kweli, na ni lazima kuyasikiliza kwa makini, kwa kuwa yalikuwa na mwelekeo wa ajabu. Wako waliosema tajiri ameichoka timu na aondoke. Lakini sauti iliyoshinda ilitaka mambo mawili: tajiri arudi, na Murtaza Mangungu, mwenyekiti wa upande wa wanachama, ajiuzulu. Mangungu alikuwa amechaguliwa tena kwa kura Januari 2023. Juni 2024 wajumbe wa bodi wa upande wa mwekezaji walijiuzulu, Dewji akarudi katika uenyekiti, na mashabiki wakashangilia. Yaani watu walimlaani yule waliyemchagua na ambaye wangeweza kumwondoa kwa kura, na wakambembeleza yule ambaye kura zao hazimfikii. Sisemi Mangungu hakustahili lawama. Hilo ni la wanaojua mambo ya ndani. Nasema lawama ilitafuta mahali inapoweza kutua bila hatari, kama maji yatafutavyo bonde.

Yafaa sasa kutazama kwa jirani wa mbali, kwa sababu vijana wetu humfuata jirani huyo kila mwisho wa juma. Mwaka 2005 jamaa ya Glazer wa Marekani iliinunua Manchester United kwa kiasi cha pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo ambayo klabu yenyewe ilitwikwa mzigo wake. Baadhi ya mashabiki walihama mwaka ule ule wakaanzisha FC United of Manchester, kama walivyofanya watu wa Pan African kabla yao. Waliobaki, 2010, waliacha nyekundu uwanjani wakavaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu hiyo katika utoto wake. (Shabiki wa Simba aliyeziona rangi zile kwa mara ya kwanza bila shaka alishtuka, akidhani Jangwani wamefika Old Trafford.) Tarehe 2 Mei 2021, siku chache baada ya mpango wa ligi ya matajiri wa Ulaya kuvunjika, waliingia uwanjani kwa nguvu, na mchezo dhidi ya Liverpool ukaahirishwa.

Mashabiki wale hawana asilimia 51. Kwa sheria ya nchi yao hawana karibu cho chote. Lakini husema kama wenyewe: huvaa rangi za babu zao kama mtu atoaye hati ya shamba, humtaja mmiliki kwa jina, na humwambia atoke. Wetu, ambao kanuni imewapa sehemu kubwa kuliko ya tajiri, husema kama wapangaji. Asiye na hati anasema kama mwenye shamba, na mwenye hati anasema kama mpangaji. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi lugha iwezavyo kuachana na sheria.

Kwetu Buhaya mambo ya mpangaji si mfano wa vitabuni. Maruku, palipokuwa makao ya mojawapo ya falme ndogo za Wahaya, kama mahali pengine pa Bukoba, ilijulikana milki iitwayo nyarubanja. Mukama aliweza kumpa ndugu yake au mtumishi wake eneo pamoja na watu waliomo. Mtu aliyepanda migomba yake mwenyewe, katika kibanja ambacho pengine kilikuwa cha ukoo wake, aliamka akiwa mtwarwa, mpangaji wa bwana aliyepewa yeye na migomba yake kwa pamoja, na tangu siku hiyo akapeleka pombe, mazao na kazi, na baadaye fedha. Utawala wa machifu uliondolewa na sheria 1963, na sheria ya 1965 ikafungua njia ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja. Sheria inaweza kutungwa kwa siku moja. Namna ya kumsalimu bwana hukaa mdomoni muda mrefu zaidi.

Najua ulinganifu huu una mipaka. Bwana wa nyarubanja hakununua kitu wala hakulipa mshahara wa mtu. Tajiri wa klabu hulipa, tena sana. Wala hakuna shabiki anayefukuzwa kwake kwa kunung'unika. Lakini kiini kinafanana: kitu kilichooteshwa na wengi hugeuka kuwa zawadi ya mmoja, na wale waliokiotesha huanza kushukuru.

Labda mtu atasema kwamba ninadharau fumbo, silaha ya kale ya wanyonge wetu. La hasha. Waimbaji wa enanga wa Buhaya, ambao M. M. Mulokozi amewachunguza kwa kina, waliimba hata katika nyua za wafalme, na mwimbaji hodari alijua kupitisha lawama ndani ya sifa. Fumbo lile lilikuwa na sharti lake, hata hivyo: msikilizaji aliyekusudiwa alikuwapo, naye alilifumbua. Manung'uniko ya mashabiki wetu hupoteza sharti hilo. Nenda katika vibanda umiza vya Maruku siku ya mechi ya Manchester United, usikilize Glazer anavyotajwa wazi, kwa sauti ya juu, na watu ambao hawatamwona maisha yao yote. Mazungumzo yakigeukia Msimbazi, sauti hushuka, na msemaji huanza, "Mo ni mtu mwema, ila..." Baada ya "ila" huja jina la kocha, au la mjumbe wa bodi, au la mwenyekiti aliyechaguliwa. Hilo si fumbo, maana halina cha kufumbuliwa.

Hapa mkoani tuna mfano wa mwisho, nao ni wa kimya. Kagera Sugar ni timu ya kiwanda cha sukari cha Missenyi, na uwanja wake wa nyumbani ni Kaitaba, mjini Bukoba. Mei 2018, mbele ya Rais Magufuli, iliifunga Simba Dar es Salaam na kuivunjia rekodi ya kutofungwa katika ligi msimu ule. Katika msimu wa 2024/25 ilishuka daraja. Mmiliki wake anajulikana, na makosa ya msimu yalijulikana. Lakini sikuona bango, wala sikusikia jina la utani likitungwa, wala mtu akisema mwenye timu atoke. Ili mtu amlalamikie mwenye timu, yapasa kwanza awe amesema "yetu". Simba na Yanga walipokuwa wakija Kaitaba, majukwaa yalijaa nyekundu na kijani za wageni, na wenyeji wa Bukoba ndio waliozivaa.